Gazeti Lililoutangulia Mji: Yanayosemwa Kuhusu Territorial Enterprise

Ukitaja magazeti ya mwanzo ya Virginia City, mji wa migodi ya fedha huko Nevada, magharibi mwa Marekani, jina la kwanza kutajwa ni la mwandishi Mark Twain. Gazeti la Territorial Enterprise limefanywa kama mali yake. Inaniuma, kwa sababu waliolibeba gazeti lile wamesahauliwa.

Dhana: Utajiri wa migodi ndio uliolizaa.

Toleo la kwanza lilitoka tarehe 18 Desemba 1858 huko Genoa, kijiji kilicho chini ya milima ya Sierra Nevada. Mshipa wa madini wa Comstock, wenye fedha iliyowavuta watu kwa maelfu, ulikuja kujulikana 1859, na Virginia City ikaota juu yake. Gazeti lilihamia Carson City kwanza, kisha mwaka 1860 likapanda mlimani kuwafuata wachimbaji. Gazeti kuhama maana yake ni mashine ya chuma na makasha ya herufi za madini ya risasi, ambazo fundi huziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume hadi ukurasa ujae.

Dhana: Lilikuwa gazeti la Mark Twain.

Alikuwa mwajiriwa. Samuel Clemens, kwa jina lake la kuzaliwa, aliingia Septemba 1862 baada ya kuhangaika migodini bila kupata kitu, kwa mshahara wa dola 25 kwa wiki. Jina la Mark Twain alilitumia humo kwa mara ya kwanza Februari 1863, na Mei 1864 akaondoka. Wenye gazeti walikuwa Joseph Goodman na Denis McCarthy, vijana waliotoka kwenye kazi hiyohiyo ya kupanga herufi. Na aliyebaki ni William Wright, aliyejiita Dan De Quille: aliandika habari za migodi kwa takriban miaka thelathini. Anayetaka kujua wachimbaji wa Comstock waliishije na aanze na huyu.

Dhana: Walikuwa wakitunga uongo tu.

Uongo ulikuwepo. Oktoba 1862 Clemens aliandika kwamba amepatikana mtu aliyegeuka jiwe. Soma maelezo ya mikono polepole: kidole gumba cha kulia kimegusa pua, vidole vingine vimetanuliwa, jicho moja limefumbwa. Maiti ile inawadhihaki wasomaji, lakini wengi walipita bila kuona.

Mwaka uliofuata alizua habari ya baba aliyeiua familia yake baada ya hisa kumfilisi. Lengo lilikuwa kuzisema kampuni zilizopika hesabu za gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, na magazeti ya San Francisco yaliyozinyamazia. Watu waliishika damu, hisa wakaziacha. Magazeti ya California yaliyoichapa kama habari ya kweli yalipogundua yalikasirika mno, na Clemens akataka kujiuzulu. Goodman akakataa. Lakini kazi ya kila siku ilikuwa nyingine kabisa: mgodi gani umetoa nini, nani ameumia chini, hisa zimepanda au zimeshuka. Fedha za watu zilitegemea kurasa hizo.

Dhana: Gazeti la wachimbaji halikuwa na bwana.

Hapa ndipo panaposikitisha. Mwaka 1872 Goodman alimwambia William Sharon waziwazi gazetini kwamba watu wanamwogopa na kumchukia. Sharon alikuwa wakala wa Benki ya California, iliyoishika migodi kwa mikopo, naye aliutaka useneta. Safari hiyo hakuupata. Mwaka 1874 akalinunua gazeti lenyewe, na 1875 akachaguliwa kuwa seneta. Dawa ya kalamu ikawa kumnunulia mwandishi wino.

Wapo pia wanaodhani kila toleo limehifadhiwa mahali. Moto wa tarehe 26 Oktoba 1875 uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na ofisi ya gazeti, na hakuna mkusanyo kamili wa matoleo ya wakati wa Clemens. Mengi tunayosoma leo ni vipande vilivyokatwa na kubandikwa madaftarini, au habari zilizonakiliwa na magazeti mengine ya siku zile. Yule mtu wa jiwe ametufikia kwa njia hiyo, kupitia wahariri wa California waliomchapa upya.