Port Vila: Mji Unaokua Juu ya Ardhi ya Ukoo

Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilipopata uhuru tarehe 30 Julai 1980, baada ya kutawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa, katiba yake ilitamka jambo zito: ardhi yote ni mali ya wenyeji wa asili na vizazi vyao. Mashamba ya walowezi yakarudi kwa koo. Tangu hapo mgeni hanunui ardhi, hupanga tu, kwa muda usiozidi miaka 75.

Kwa Kibislama, lugha ya taifa ya Vanuatu, mwenye ardhi huitwa kastom ona. Huyo si mtu mmoja mwenye hati kabatini, ni ukoo mzima.

Ndani ya mipaka ya zamani ya Port Vila, mji mkuu ulioko kisiwani Efate, ardhi iliwekwa chini ya serikali. Lakini mji umekwishafurika kuelekea ardhi za vijiji kama Mele, Pango na Erakor. Anayetoka kisiwa cha Tanna kutafuta kazi hamudu kiwanja cha mjini. Huenda Blacksands, mtaa wa vibanda pembezoni mwa mji, akazungumza na mwenye ardhi, akalipa kidogo kidogo, akasimamisha kibanda cha mabati. Mara nyingi hakuna karatasi. Mzee aliyempokea akifariki, warithi wanaweza kuyakana makubaliano yale, naye hana pa kushika.

Nasikia mara kwa mara kwamba ardhi ya kimila huzuia maendeleo. Sikubaliani. Kufikia 2010, zaidi ya nusu ya pwani ya Efate ilikuwa tayari imepangishwa, nyingi kwa ajili ya nyumba za kifahari na hoteli. Ardhi ilitoka kwa kasi kubwa mno. Swali ni nani aliyetia saini. Mwanaukoo mmoja aliweza kusaini bila wenzake kujua, na koo zilipogombana, waziri wa ardhi aliruhusiwa kupangisha kwa niaba yao. Ndipo watu wakaamka asubuhi na kukuta uzio umekatiza njia yao ya kwenda baharini kuvua.

Mwaka 2014, wakati Ralph Regenvanu akiwa waziri wa ardhi, sheria mpya zilimwondolea waziri mamlaka hayo. Kumtambua mwenye ardhi kukarudishwa kwenye nakamal, baraza la kimila, na ukoo wote sharti uridhie kabla ya ardhi kupangishwa. Wawekezaji huona ni mwendo wa kobe, ila kwangu muda huo ni wa lazima.

Kilichobaki nyuma ni Blacksands. Mpangaji wa kule bado anaishi kwa neno la mdomo, na mpaka neno hilo liandikwe mbele ya ukoo wote, kibanda chake hakina ulinzi.