Presi ya tareti: kabla ya kuuliza kasi, uliza kama utaiona baruti

Anayenunua presi yake ya kwanza ya kujazia risasi, yaani mashine ya kuyatumia upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, huanza na swali la kasi: inatoa risasi ngapi kwa saa? Hilo liwe swali la mwisho. La kwanza liwe hili: je, mashine hii itanipa nafasi ya kuchungulia ndani ya kila ganda kabla sijaliziba kwa kichwa cha risasi?

Tunazungumzia Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akianza kuziuza, hapo leseni ya utengenezaji inahitajika. Afrika Mashariki mambo ni mengine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kote kuwili kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Makala haya basi ni ya ndugu zetu walioko ughaibuni wanaolenga shabaha au kuwinda. Usiifunge presi kwenye sanduku ukamletea mjomba zawadi.

Ganda la shaba likishafyatuliwa hutanuka na kubaki na fataki iliyokufa kitakoni, yaani kile kidude kidogo kinachoiwasha baruti. Kwa risasi ya bastola, kalibu ya kwanza (kalibu ni kifaa kinachofungwa kwenye presi kufanya hatua moja ya kazi) hulibana lirudi kwenye kipimo chake na kuisukuma nje fataki ya zamani, kisha fataki mpya huingizwa. Kalibu ya pili hupanua mdomo wa ganda kidogo, na baruti hudondoshwa. Ya tatu hukalisha kichwa cha risasi kwa kina kinachotakiwa, na ya nne hukaza mdomo.

Presi ya kawaida hubeba kalibu moja tu, kwa hiyo unamaliza hatua moja kwa maganda yote ndipo ubadilishe kalibu. Presi endelevu hufanya hatua zote kwa pamoja kila unapovuta mkono wa presi. Tareti iko katikati. Kalibu zote zimefungwa kwenye sahani nene ya chuma inayozunguka juu, na ganda hubaki palepale kwenye kishikio chake likingoja kalibu ijayo. Ukiwa na kalibu 4, mivuto 4 hutoa risasi moja. Kwa mtu anayejaza mia moja au mbili mwishoni mwa juma, hiyo inatosha, na wakati wote ana ganda moja tu la kushughulikia.

Sasa kuchagua. Lee Classic Turret ina matundu 4 ya kalibu na sahani yake hujizungusha yenyewe kila mkono wa presi unapokamilisha safari. RCBS hutengeneza ya matundu 6, Redding T-7 ina 7, na Lyman All-American 8 ina 8, na hizi tatu huzungushwa kwa mkono. Matundu mengi yanavutia kwa sababu unaweza kuacha kalibu za aina mbili za risasi zikiwa zimeshafungwa na kurekebishwa. Lakini angalia kitu ambacho tangazo halikionyeshi: sahani inainuka kiasi gani ganda linapobanwa? Kila tareti ina mwanya kidogo, maana isingekuwa nao isingezunguka. Zilizo bora zina egemeo nyuma ya sahani ili isiinamie upande. Mwanya mdogo unaojirudia sawasawa kila mara si tatizo, kwani unaweza kurekebisha kalibu uufidie. Mwanya unaobadilika ndio unaoharibu urefu wa risasi. Kwa bunduki za masafa marefu ningechukua presi ya kawaida yenye fremu nzito. Kwa bastola, tareti.

Uzi wa kalibu, ile mikato ya skrubu inayoifunga kwenye presi, usikuumize kichwa. Karibu watengenezaji wote hutumia kipimo kilekile cha inchi 7/8 chenye nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo kalibu za kampuni moja hukaa kwenye presi ya nyingine. Meza ndiyo inayosahaulika. Presi ikitikisika, baruti kwenye kipimio (kifaa kinachoidondosha ndani ya ganda) hutikisika nayo na kiasi kinachodondoka hubadilika. Ifunge kwa bolti zinazopenya ubao, si kwa skrubu.

Turudi kwenye baruti, maana hapo ndipo watu hupoteza vidole. Chukua .38 Special, aina ya risasi ya bastola. Ganda lake ni refu kwa sababu ukoo wake ni wa enzi za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti za leo zisizo na moshi zina nguvu zaidi, na za kuwaka haraka hukalia sehemu ndogo tu ya ganda hilo. Ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, haimwagiki, haionekani kwa nje, na kichwa cha risasi hukaa vizuri juu yake. Makosa haya huja kwa njia rahisi: simu imelia, au sahani inayojizungusha haikufika mwisho wa safari ukavuta tena.

Kinga ni mbili. Kwanza, ikiwa kitabu cha vipimo kinakupa uchaguzi, chukua baruti yenye ujazo mkubwa kiasi kwamba kipimo maradufu kingefurika. Pili, funga taa ndogo kwenye presi ielekee mdomo wa ganda, na usikalishe kichwa cha risasi kabla jicho halijaona. Wapo wanaosema watapima risasi zilizokamilika kwenye mizani. Haisaidii kwa bastola. Vipimo vya baruti huhesabiwa kwa grein, na grein moja ni takriban gramu 0.065. Maganda ya viwanda mbalimbali hutofautiana uzito kwa grein kadhaa, tofauti ambayo yaweza kulingana na kipimo kizima cha baruti. Mizani itakudanganya.

Vipimo vyenyewe vitoke kwenye kitabu kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi, visitoke kwa rafiki. Kanuni ya kawaida ni kuanza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu na kupanda taratibu. Juu ya meza iwepo chupa moja tu ya baruti, ile unayoitumia, na ikibaki irudi kwenye chombo chake chenye lebo. Baruti mbili zinaweza kufanana kama pacha na zikatofautiana sana kwa mwendo wa kuwaka.

Upande wa pili wa kosa ni ganda lisilo na baruti kabisa. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Mlio ukiwa hafifu, acha, ondoa risasi zote, hakikisha mtutu uko wazi. Risasi ya pili nyuma ya iliyokwama hupasua silaha.

Kuna na vumbi. Fataki nyingi zina kampaundi za risasi ile ya madini (ledi), ambayo ni sumu, na mabaki yake hutoka pamoja na fataki iliyokufa na kujaa kwenye chombo cha kusafishia maganda. Usile wala kuvuta sigara mezani, osha mikono kwa sabuni, futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na usifanyie kazi hii jikoni. Watoto wadogo ndio huathirika zaidi.

Kuhusu kuhifadhi, mwongozo wa NFPA 495, wa chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, unaofuatwa sehemu nyingi za Marekani unaruhusu nyumbani hadi pauni 20 za baruti isiyo na moshi, yaani kilo 9 hivi, katika vyombo vyake vya asili. Ikizidi hapo, hadi pauni 50, iwekwe kwenye kabati la mbao zenye unene wa inchi 1. Fataki zisizidi 10,000, nazo zibaki kwenye pakiti za kiwandani. Anayezimimina kwenye kopo la kioo ametengeneza bomu, kwani moja ikilipuka huziwasha zote. Na kabati usilitengeneze kwa chuma kilichofungwa kwa nguvu: mbao huachia moto ukitokea, chuma hushikilia shinikizo hadi kipasuke.