Kiporo si makombo

Maikrowevu niliyonunua mwaka juzi ilikuja na kijitabu cha maelekezo chenye ukurasa wa Kiswahili. Kimeandikwa: "Pasha makombo yako kwa dakika mbili." Mimi nilicheka. Mama hakucheka. "Makombo ni ya kuku," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

"Chakula chochote kilichobaki ni makombo." Hivyo ndivyo alivyoamini aliyetafsiri, kwa kuwa Mwingereza ana neno moja linalobeba vyote. Kwetu haitoshi kujua kwamba chakula kimebaki. Tunataka kujua kimebaki wapi. Makombo ni ya sahanini: mkono wa mtu umeshapita humo, mfupa umeshang'atwa. Kiporo ni cha sufuriani, hakijaguswa na mlaji, kimelala mpaka asubuhi. Kuna wanaokiita mwiku, na wengine bariyo. Mgeni aliyelala kwako ukimpa wali wa jana na chai ya rangi, atakula na kushukuru. Mwambie ni makombo, uone kama atarudi. Ukoko nao hauingii huku wala kule, maana haubaki: watoto wanaugombania sufuria ikiwa bado ya moto.

"Kiporo ni chakula kilichozidi kwa bahati mbaya." Waulize wanaopika maharage ya nazi. Nyumba nyingi hupika ya ziada makusudi, kwa sababu ya kesho yamekolea zaidi.

"Ukikichemsha vizuri, hakidhuru." Hapa ndipo watu wanapoumia, hasa kwa wali. Mchele mbichi huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, na vijimbegu vyake havifi kwa kupikwa. Wali ukikaa jikoni saa nyingi ukiwa vuguvugu, vijimbegu vinaamka, bakteria wanazaliana, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha. Bakteria wenyewe utawaua kwa moto. Sumu waliyokwisha kuiacha huiwezi: hustahimili hata nyuzi 121 za sentigredi kwa dakika 90, na wali unaopashwa kwenye jiko la mkaa haufikishwi hapo. Mtu anakula asubuhi, kabla ya adhuhuri anatapika, halafu lawama anabebeshwa muuza maziwa.

Kwa hiyo kinachoharibu kiporo si usiku wenyewe, ni zile saa za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kisha kiwekwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Tazama sufuria ya wali iliyofunikwa saa tatu usiku: saa sita ukiinua mfuniko, matone yanachuruzika na katikati bado pana joto. Humo ndimo bakteria wanamofurahia.

"Nikinusa nitajua." Nazi iliyochacha utaijua, na wali ulioanza kuteleza pia. Sumu niliyoitaja haina harufu wala ladha.

"Ukiweka cha moto kwenye friji, kinachacha." Hapana. Sufuria kubwa ya moto itapasha joto vitu vya jirani na kulitesa friji, hilo ni kweli. Dawa yake si kukiacha mezani hadi asubuhi. Kigawe kwenye vyombo vifupi, mvuke upungue, kiingie. Asiye na friji, au ambaye umeme kwake hukatika kila siku, apike wali wa kuisha usiku huohuo. Sijui njia nyingine ya kumwambia bila kumdanganya.

"Wali uliolala hauna sukari." Nimeusikia sana huu kwa wenye kisukari. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa aina isiyomeng'enywa kirahisi. Ni sehemu ndogo tu. Wanga uliobaki ni mwingi, na sahani iliyojaa bado itapandisha sukari.

"Kiporo ni cha jikoni tu." Mahakama zina viporo vya kesi, ofisi zina viporo vya kazi, na ligi ina mechi za viporo. Katika mpira neno limepinduka kabisa: kiporo cha wali kilishapikwa, ila timu yenye viporo viwili haijapika chochote, mechi zake ziliahirishwa tu. Hata hivyo mashabiki wake wanazihesabu zile pointi sita kana kwamba ziko sufuriani, zinasubiri kupashwa.