Chungwa la kijani siyo lazima liwe bichi

Ukipita Muheza msimu wa machungwa utakuta lori linapakiwa machungwa ya kijani kabisa, na mgeni akiona tu anasema haya mabichi haya. Siyo mabichi jamani. Ganda la chungwa linageuka njano pale usiku unapokuwa na ubaridi wa kutosha, sasa huku Tanga pwani usiku ni joto, kwa hiyo chungwa linaiva ndani, tamu kabisa, nje bado kijani. Mimi kazi yangu ni ubora wa mazao yakishavunwa, na huwa naumia sana nikiona mkulima anakatwa bei kisa rangi ya ganda.

Kipimo tulichozoea ni rifraktomita, kifaa cha kupima utamu wa juisi, unakata tunda, unadondosha tone la juisi, unasoma Briksi. Briksi 10 ni kama gramu 10 za vitu vilivyoyeyuka kwenye gramu 100 za juisi, na kwenye chungwa sehemu kubwa ya hivyo ni sukari. Kipimo kizuri, ila tunda ulilopima ndo limeshakatwa, na la pembeni yake hujui likoje.

Hapo ndo kinapoingia kifaa kingine, kinachomulika tunda kwa mwanga na kukadiria utamu bila kulikata. Jicho letu linaona mwanga wa kuanzia kama nanomita 400 mpaka 700 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), zaidi ya hapo kuna mwanga wa infraredi hatuuoni lakini unapenya ganda na kuingia kwenye nyama ya tunda, humo maji na sukari kila kimoja kinafyonza sehemu yake (maji yanafyonza sana karibu na nanomita 970), mwanga unaobaki unarudi kwenye sensa na programu inakadiria utamu. Marekani mhandisi Karl Norris alishaanza kupima unyevu wa nafaka kwa njia hii miaka ya 1960.

Juzi bandani mzee mmoja alinipa machungwa mawili, moja njano linang'aa, lingine kijani lina madoa ya kahawia. Nikafuta vumbi, nikabandika sensa ubavuni, siyo kwenye kikonyo. Njano Briksi 8, kijani 11. Tukakata, rifraktomita ikasema karibu vilevile. Mzee akanyonya lile la kijani akaniambia, "Mwanangu, si ndo haya nawaambia kila siku?"

Ila kifaa lazima kifundishwe kwanza, yaani upime machungwa mengi ya hapahapa kwa mwanga halafu uyakate yote upime kwa rifraktomita ili programu ijue. Kilichofundishwa kwa tofaa za Ulaya kitakudanganya kwenye chungwa la Muheza. Ganda nene linasumbua, tunda lililotoka juani na moto wake linabadilisha namba, liache kivulini kwanza lipoe. Na uchachu mwanga hauupati vizuri kama utamu, huo bado tunaonja na kupima maabara.

Lingine, chungwa likishachumwa haliongezeki utamu, siyo kama embe, kwa hiyo pima likiwa bado mtini. Vikundi vinaweza kuchangia kifaa kimoja, na kabla hamjatoa hela muulizeni muuzaji: hiki kimefundishwa kwa tunda gani, la wapi?