Maktaba ya mkoa si ya wanafunzi peke yao

Hapa Tabora wengi wamekua wakiamini kwamba maktaba ya mkoa ni ya wanafunzi tu, na kwamba kazi ya serikali kuu ni kuleta vitabu kisha basi. Ni rahisi kuelewa imani hiyo ilikotoka: ukipita pale, unaona zaidi sare za shule.

Sheria inasema mengine. Tangu 1963, na tena kwa sheria ya 1975 iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, nchi imekuwa na bodi ya umma iliyopewa jukumu la kuanzisha, kuendesha na kutunza maktaba za umma. Bodi hiyo hiyo hufundisha wakutubi na kushauri maktaba nyingine, za shule zikiwemo. Neno "umma" humo halina sare. Mfugaji nyuki wa Sikonge, fundi cherehani, mzee mstaafu anayetaka gazeti: wote wamo. Mimi huumia nikimwona mtu mzima akisita mlangoni kana kwamba anaingia nyumba ya watu.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Fungua kurasa za mwanzo za kitabu, utazame muhuri wa mwenyewe. Muulize mkutubi ameajiriwa na nani, na mtu mzima hujiandikishaje. Kusoma mle ndani na kuazima kitabu ukaenda nacho nyumbani ni mambo mawili, na masharti yake hutofautiana. Sheria yenyewe unaweza kuomba uisome.