Anayezoea dawa si mwili wako

Ukikaa kidogo kwenye duka la dawa hapa Malindi, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Nipe iliyo kali zaidi, amoksilini mwili wangu ushaizoea." Mwili hauzoei antibiotiki, yaani dawa za kupambana na bakteria kama hiyo amoksilini. Wanaobadilika ni bakteria: dawa huwaua walio dhaifu, walio sugu hubaki na kuzaana. Tena hupeana jeni za usugu, hata wakiwa wa aina tofauti. Hivyo wanaweza kumpata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge, kupitia mikono, maji au chakula.

Ndiyo maana usugu hufuatiliwa kwa eneo zima. Hapo jirani Kilifi, damu ya watoto wanaolazwa hospitali ya kaunti imekuwa ikioteshwa maabarani (huwekwa mahali pa kukuzia bakteria, kuona kama wamo) tangu 1998, na bakteria wanaopatikana hujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Kazi ya maana sana. Ila takwimu za hospitali pekee zaweza kupotosha: kwa mfano, mkojo unaopelekwa maabara kutafutwa bakteria mara nyingi ni wa mtu ambaye dawa ya kwanza imeshindwa kumponya, kwa hiyo usugu huonekana mkubwa kuliko ulivyo mtaani. Lazima sampuli zitoke zahanati na majumbani pia. Duka la dawa halioteshi chochote, linauza tu.