Je, wajua kwa nini simu iliyotoka Marekani inaweza kuikataa laini yako?

Mtu anatumiwa iPhone na ndugu yake aliyeko Marekani, simu safi haina hata mkwaruzo, anachomeka laini ya Voda au Safaricom, kioo kinamwandikia SIM Not Supported. Fundi anaangalia anasema imefungwa. Sasa imefungwa na nani, na kwa nini, wakati hela ya watu ishalipwa?

Wamarekani kwa miaka mingi hawakuzoea kununua simu keshi kama sisi. Kampuni ya mtandao ilikuwa inakupa simu ya bei mbaya kwa hela kidogo, unasaini mkataba wa miaka miwili, halafu lile punguzo wanalirudisha taratibu humo humo kwenye bili ya kila mwezi. Wakikuachia simu wazi si utaondoka nayo kesho ukaweke laini ya mshindani wao, ndo maana wakaitia loki.

Mpaka hapo unaweza ukawaelewa. Ila angalia iPhone ya kwanza. Ilitangazwa 9 Januari 2007, ikaingia madukani 29 Juni, dola 499 ile ya GB 4 na dola 599 ya GB 8, yaani mteja alilipa bei yote na bado alilazimika kuwa kwenye mtandao wa AT&T tu, kwa mkataba wa miaka miwili juu yake! Hapo hakukuwa na punguzo la kurudisha. Yalikuwa makubaliano ya wakubwa wawili, AT&T anapata wateja wanaoikimbilia simu mpya, Apple anapata mgao wa bili za kila mwezi na anaachiwa simu yake aitengeneze anavyotaka. Verizon, mtandao mwingine wa Marekani, walizungumza na Apple kabla ya hapo, hawakuelewana, na wateja wao wakaja kuipata iPhone Februari 2011. Mimi hili naliona ni uonevu mtupu, kitu nimekilipia chote halafu mwingine ndo anaamua nikitumie wapi.

Na watu hawakukaa kimya. Agosti 2007 kijana wa miaka 17, George Hotz, aliifungua simu kwa kuchomelea waya ndani, akaja kuibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone nyingine tatu. Marekani ikafika mahali kuifungua simu yako mwenyewe bila ruhusa ya kampuni likawa kosa kisheria, Januari 2013, wananchi zaidi ya laki moja wakasaini malalamiko Ikulu, na Agosti 2014 Obama akasaini sheria ya kuruhusu. Canada wamepiga marufuku kuuza simu zenye loki tangu 2017, Uingereza tangu Desemba 2021.

Loki yenyewe inafanyaje kazi? Kila laini ina namba yake ya ndani inayoanza na tarakimu za nchi, Tanzania ni 640, Kenya 639, Marekani 310 na nyingine za karibu na hapo, zikifuatiwa na za kampuni. Simu inazisoma, ikiona sio za kampuni iliyoifunga inakataa. Kwenye iPhone rekodi ya loki inakaa kwenye seva za Apple wenyewe, kwa hiyo hata ukiflashi, yaani ukiweka upya programu ya simu, mara mia inarudi vile vile. Ile R-SIM, kijikadi chembamba unachowekewa chini ya laini, haifungui chochote, inaidanganya tu simu kwamba laini ni ya kule kwao, ndo maana ukifanya apdeti mtandao unaweza kukatika ghafla.

Kuna tatizo la pili ambalo watu wanalichanganya na loki, halafu wanamlipa fundi bure. Masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo simu inawasiliana nayo na mnara, yanapimwa kwa MHz. Huku 2G iko kwenye 900 na 1800, Marekani walitumia 850 na 1900, na simu za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya kule zinaweza kukosa masafa ya 4G ya huku hata kama hazina loki kabisa. Verizon na Sprint ndo walikuwa na mfumo wao tofauti kabisa, CDMA, mpaka iPhone 4 ya Verizon haikuwa na hata tundu la laini. Na siku hizi kuna jipya, iPhone 14 na kuendelea za soko la Marekani hazina sehemu ya kuchomeka laini, ni eSIM tupu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo uliza kwanza kama mtandao wako unatoa eSIM.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela ingia Settings, General, kisha About, shuka mpaka Carrier Lock, ikiandika No SIM Restrictions iko wazi. Kwa Android chomeka laini yako mwenyewe upige simu pale pale dukani, halafu tafuta modeli namba uone masafa yake. Na kama ni ndugu anayekutumia, mwambie amalize deni na aombe kampuni yake iifungue kabla hajaituma, maana kampuni itamsikiliza yeye mwenye akaunti, wewe uliye Kariakoo au Luthuli hawakujui.